Ombi la Nalongo Nililolikata

Nafula mwanangu,

Umeenda kusukwa Bukoto, na ninavyowajua wale kina dada hawatakuachilia kabla ya jioni. Kwa hiyo nina saa chache za kuwa mkweli, kazi ambayo sijaizoea, basi univumilie. Habari za kula vizuri, kufunga mlango kwa komeo na kujihadhari na mwenye nyumba anayecheka sana, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu tangu tutoke kanisani. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu yangu mwenyewe.

Jumanne ulipoingia na ile barua ya kazi ukirukaruka, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Ukaeleza kwamba huko Gulu utakuwa ofisa wa mawasiliano, kwamba kazi yako ya kwanza ni kuandika sheria za wafanyakazi kutumia mitandao, na kwamba utakuwa admini wa kundi lao la WhatsApp, watu zaidi ya mia. Ukanitazama ukingoja niseme kitu. Nikasema "Mungu mkubwa," nikatoka nje nikajifanya nakagua bomba. Nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba Baba anaumia kwa sababu unaondoka. Naumia, ndiyo. Lakini siku ile haikuwa hilo. Mimi pia ni admini, Nafula, na najua nilichokifanya kwa kidole hiki hiki ninachoshikia kalamu.

Ninakofanya kazi unakujua kwa jina tu, maana nyumbani huwa naleta hadithi za kuchekesha peke yake. Tunafua mashuka na taulo za hoteli. Ni joto, mvuke na kelele toka asubuhi hadi jioni, na mimi ni msimamizi wa zamu. Wananiita Pasta, ingawa sijawahi kuwa mchungaji hata wa mbuzi, kwa sababu ndimi ninayeongoza ibada ya saa moja asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Mwenye kiwanda, ambaye sote tunamwita Mkubwa, ni mtu wa maombi. Kila Jumatatu huja mwenyewe akasimama nyuma yetu, kofia mkononi.

Zamani watu walifanya kazi na simu mifukoni. Kisha msichana mmoja wa meza ya kukunjia akajirekodi akicheza juu ya rundo la mashuka ya hoteli kubwa, viatu miguuni, akairusha video mtandaoni. Hoteli iliiona kabla yetu. Tangu siku hiyo simu zote, isipokuwa ya msimamizi, zinawekwa kwenye kikapu kwa askari wa getini, na ilitangazwa kwamba atakayeandika chochote cha kazini mtandaoni asirudi. Niliona ni haki. Hata leo sijui kama mimi ningeandika sheria nyingine. Kitu nilichokosa kukiona ni kwamba watu wale hawakuwa na mahali pengine pa kupeleka neno. Kwa Mkubwa haendi mtu bila kuitwa, na anayeitwa hurudi kuchukua sweta lake tu aende zake nyumbani. Palipobaki wazi ni kundi la WhatsApp la ibada tu, ambamo Mkubwa yumo na mama wa kufagia yumo.

Basi watu wakaanza kuomba. Mlango wa choo cha wanawake ulikuwa umeanguka tangu Pasaka. Mtu akaandika kwenye kundi, tumwombe Mungu aukumbuke mlango wa choo chetu. Wakajibu Amina, Amina, Amina, na Mkubwa naye akaandika Amina. Baada ya siku mbili akaja fundi na mlango mpya. Tulicheka, mwanangu. Tukasema Mungu wa Kampala anatembea na fundi. Baada ya hapo yakaja maombi ya buti za mpira, na buti zikaja. Yakaja ya feni. Sijawahi kuona watu waoga wakiwa werevu namna ile. Hakuna aliyemlalamikia mtu. Kila mmoja alikuwa anazungumza na Mungu wake, Mkubwa akisikiliza kando.

Siku moja Mkubwa akaniita ofisini. Akanimiminia chai mwenyewe. Akaniuliza, "Pasta, hii ni ibada au ni chama cha wafanyakazi?" Akacheka, nami nikacheka. Akasema anajua mimi nina hekima. Ni hayo tu aliyosema. Natamani ningekuambia kwamba alinitisha au aliniamuru, ingenisaidia, lakini hakufanya hivyo. Nilimaliza chai yangu nikatoka nikiwa nimekwisha kuamua la kufanya, na njiani nilijiona mtu mwenye busara sana.

Jioni ile nilikuja kwako. Ulikuwa likizo, umekaa pale mlangoni unachambua mchele, nikakuomba unionyeshe jinsi ya kulifunga kundi ili admini peke yake aweze kuandika. Ukanionyesha pa kubonyeza. Ukauliza, "Kwa nini, Baba?" Nikasema watu wanatuma vichekesho kwenye kundi la maombi. Nilikudanganya, Nafula. Wewe ulinifundisha kufunga mlango, ukidhani nazuia mbu. Usijilaumu hata kidogo. Nakutajia kwa sababu huo ndio uongo wa kwanza, na niliutoa kwako.

Kuanzia hapo kila mwenye ombi alinitumia mimi peke yangu, nami naliweka kwenye kundi. Nilianza kwa kusahihisha herufi. Watu wetu wanaandika Kiswahili na Kiganda kwa pamoja bila nukta, nami najipenda kwa Kiswahili changu cha Bungoma cha shuleni. Kisha nikaanza kufupisha. Kisha nikaanza kuondoa sababu. Mtu akiandika tuombee mguu wangu, nimeteleza kwenye maji ya ile mashine ya tatu inayovuja, mimi naweka tumwombee ndugu yetu, ameumia mguu. Mguu ulipona. Mashine inavuja mpaka leo. Mama yako, ambaye namsomea kila kitu, aliwahi kuniambia akikoroga uji kwamba siku hizi maombi ya kazini kwetu yanafanana yote. Nikamjibu kwamba shida za wanadamu zinafanana.

Sasa nifike kwa Nalongo. Humjui. Ni mama wa mapacha, Mganda, mwanamke mrefu aliyekuwa kwenye mashine za kuondoa madoa, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye ibada kwa sababu sauti yake ilishinda hata boila. Mwaka juzi alinitumia ombi. Nimelitunza kwenye simu, na nakunakilia kama alivyoandika:

"Ndugu zangu muniombee. Ile dawa mpya ya madumu ya bluu inanishika kifua. Nikiimwaga kwa mashine pumzi inakatika. Si mimi peke yangu, hata wasichana wa asubuhi wanakohoa lakini wanaogopa kusema. Zamani dirisha ya nyuma ilikuwa wazi, hewa inaingia. Sasa imepigwa misumari. Mungu aguse moyo wa Mkubwa afungue dirisha. Amina."

Nililisoma nikiwa nimeketi hapa hapa. Na hiki ndicho nilichoweka kwenye kundi: "Tumwombee dada yetu Nalongo, anasumbuliwa na kifua. Bwana amponye."

Amina zilikuja nyingi kuliko siku zote, kwa maana alipendwa. Mkubwa naye akaandika Amina, akaongeza alama ya mikono iliyokutana. Nalongo mwenyewe hakuliona, maana simu yake iliibwa usiku ule, akasimuliwa tu na wenzake kwamba Amina zilikuwa nyingi, hata ya Mkubwa.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana, na majibu yangu yamekuwa yakijipanga kwa uzuri wao, yale mazuri mbele. Hadithi niliyoipenda zaidi ni hii. Kabla hujazaliwa nilifanya kazi katika kiwanda kimoja kule kwetu. Nilisimama kwenye mkutano nikasema kwamba ngazi ya bohari imeoza na itaua mtu. Watu walinipigia makofi. Ijumaa nilikuwa nje ya geti, na wale wa makofi walipita wakitazama viatu vyao. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Tukavuka mpaka wa Malaba na godoro na sufuria mbili, nikaapa kwamba mdomo wangu hautanikosesha kazi tena. Hadithi hiyo ni ya kweli, na nimeivaa kama hirizi miaka yote hii. Lakini siku ile ya Nalongo sikuwa nafikiria ngazi wala mimba. Ukweli ni mdogo na mbaya zaidi. Ile misumari niliipiga mimi. Taulo zilikuwa zinapotea kupitia dirisha lile, nikapeleka nyundo yangu ya nyumbani, nikalifunga, Mkubwa akanisifu mbele ya watu. Nilipofika kwenye neno misumari nilikasirika. Nikalikata ombi la mwanamke mgonjwa kwa sababu lilinigusa mimi kidogo.

Nalongo alikohoa miezi mingine minne. Nyimbo akaacha kuanzisha, nikaanza kuzianzisha mimi na sauti yangu hii ya kopo. Mwishowe akashindwa kumaliza zamu, akaambiwa apumzike kwanza nyumbani, na kupumzika kwanza kwetu maana yake unaijua. Wasichana wawili wa asubuhi wakaacha wenyewe. Tuliwaombea wote.

Mapema mwaka huu nilimkuta sokoni Kalerwe. Anauza mboga, amekaa kwenye kiti cha chini, anafunga dodo, ule mchicha wao, mafungumafungu kwa kamba za mgomba. Alinifurahia, na hilo lilinichoma kuliko angenitukana. Anazungumza kidogo, anapumzika, anaendelea. Akaniambia kwamba amemsamehe Mkubwa.

"Alisoma maneno yangu yote, Pasta. Akaandika Amina, akanyamaza. Mimi naombea yeye kila siku."

Nilikuwa na nafasi pale, Nafula. Watu walikuwa wachache, na alikuwa ananitazama usoni. Nikasema Mungu ni mwema. Nikanunua dodo nyingi mno, unakumbuka, wiki ile tuliyokula dodo siku nne mfululizo mpaka ukauliza kama nyama imepigwa marufuku Uganda. Mama yako alidhani nimeanza kujali afya.

Kwa hiyo ulipotusomea jana zile sheria zako mezani, na ukafika kwenye kile kifungu cha kwamba mfanyakazi haruhusiwi kuandika jambo lolote la kazini katika mtandao wowote, nilikwama na tonge mdomoni. Si kwamba kifungu ni kibaya. Utawapata watu wa kucheza juu ya mashuka, kila mahali wapo, na utakuwa na mabosi watakaokumiminia chai. Sijui uandike nini. Wewe umesoma, mimi nimesoma maandishi ya kwenye madumu ya sabuni tu. Ninachojua ni kile kilichonipata. Kundi lilipotulia nilifurahi upesi, nikadhani ni amani, kumbe watu walikuwa wamechoka kuniletea maneno yanayorudi yakiwa mafupi. Kama ningewatafuta walioacha kuandika, ningejua. Na kama kila nilipolisahihisha ombi la mtu ningelimrudishia mwenyewe aone kabla ya kulituma, nisingethubutu kumrudishia Nalongo lile. Angeniuliza swali moja tu, na jibu sikuwa nalo.

Tangu jana sikuweza kukaa. Leo tulipotoka kanisani niliwaambia nakwenda kumwona mgonjwa. Nilikwenda Kalerwe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha huu kwa miaka miwili sasa. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani, na nilipofika ikapotea yote. Nikachuchumaa mbele ya mboga zake kama mtoto aliyetumwa, nikamwambia kwamba Mkubwa hakuwahi kusoma maneno yake, kwamba mimi niliyakata.

Alimaliza fungu alilokuwa analifunga, akachukua jingine, akalifunga pia. Kisha akaniuliza zile Amina zote zilikuwa za nini basi. Nikamsomea nilichoandika mimi, maneno yale machache. Akaniuliza kama yake bado ninayo, maana simu ile yake iliibwa. Nikasema ninayo.

"Nisomee."

Nikasoma, pale sokoni, watu wakipita na matoke. Nilipomaliza akatikisa kichwa polepole.

"Nilikuwa nimeandika vizuri," akasema.

Akapumzika kidogo. Kisha, "Dirisha mulifungua?"

"Bado, Nalongo."

"Na wale wasichana?"

Nikamwambia wawili waliacha, na waliokuja badala yao wameanza kukohoa. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Mpaka dakika ile nilidhani nimekwenda kutubu, na kwamba kilichobaki ni yeye kunisamehe au kukataa. Sikuwa nimefikiri kabisa kwamba jambo lenyewe halijaisha.

"Sasa, ssebo, unasomea mimi ya nini?" akasema, sasa akiniita bwana tu, si Pasta. "Mimi nilikuwa najua."

Nilitaka kulibandika kwenye kundi pale pale, nikamwambia hivyo, kidole kikiwa tayari. Akanizuia. Alisema kwenye simu watu wataandika Amina tena bila kusoma. Nikamuuliza kama anakubali nilisome kesho kwenye ibada, Mkubwa akiwepo, kwa jina lake. Akafikiri. Akasema, "Kale, sawa. Weka jina. Mimi sina kazi ya kufukuzwa. Lakini wewe usikate tena."

Sikumwomba msamaha mara ya pili wala yeye hakunipa. Nilipotaka kununua dodo aliniambia zimeisha, na zilikuwa zimelundikwa mbele yetu sote wawili. Nikasema asante, nikaondoka.

Mama yako nimemweleza. Alizima pasi, akakaa. Akauliza tutaishije nikirudishwa nyumbani, swali la haki, nikasema sijui. Kisha akasema angependa kuolewa na yule kijana wa kwenye ngazi iliyooza kuliko huyu wa misumari. Akaiwasha pasi akaendelea na sketi zako. Umri huu sikutegemea kuambiwa maneno hayo, na nakiri kwamba yamenitia nguvu na kunidhalilisha kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kesho itakuwa hivi. Nitakusindikiza hadi kwenye basi alfajiri, nitakubebea lile begi zito, tutataniana kama kawaida. Barua hii nitakuwa nimeitia kwenye mfuko wa karanga za mama yako, kwa sababu nakujua, utaufungua kabla hamjatoka mjini. Unapoisoma mimi nitakuwa nimesimama mbele ya watu na simu mkononi, Mkubwa akiwa nyuma na kofia yake. Nyundo nimeitia kwenye mfuko wangu wa kazi. Nikimaliza kusoma nitamwomba ruhusa mbele ya wote niing'oe misumari. Akikataa, basi atakuwa amekataa akiwa amesikia.

Usidhani nimekuwa shujaa ghafla. Tangu mchana nimekwisha kutafuta sababu tatu za kuahirisha, mojawapo ikiwa wewe. Najijua mimi ni mkataji. Nikifika pale penye misumari ulimi utataka kuruka, utaniambia mbona umekwisha kusema ya kutosha, watu wameelewa, malizia kwa Amina ukae. Ndiyo maana nakuandikia leo na si kesho. Nataka awepo mtu mmoja ninayemwonea haya kuliko ninavyomwogopa Mkubwa.

Nenda salama, mwanangu. Ukifika nipigie. Usiniulize kama bado nina kazi, hilo mama yako atakueleza. Niulize kama nililisoma lote.

Baba yako